Somo la Juma Hili: Lessing na Mendelssohn, Marafiki wa Dini Mbili

 

Somo hili ni la kusoma nyumbani kwa sauti, mtoto asome aya moja na mzazi asome inayofuata. Wadogo wasomewe. Mkikuta neno gumu lipigieni mstari. Mengine tumeyaeleza mwisho, pamoja na sarufi kidogo.

Tumekichagua kisa hiki kwa sababu ya swali ambalo watoto wanaokulia ugenini hukutana nalo mapema kuliko wenzao wa nyumbani. Darasani umekaa na mtoto wa dini nyingine. Mnacheza pamoja, mnaazimana vitabu, unakwenda kwao. Kisha siku moja mtu anauliza: mbona hali chakula chetu? Mbona haji siku ya Ijumaa, au Jumamosi, au Jumapili? Na wewe unajiuliza: je, tunaweza kuwa marafiki wa kweli bila mmoja wetu kuiacha dini yake?

Wapo waliolijibu swali hilo kwa maisha yao. Tutawatazama wawili walioishi Ujerumani zaidi ya miaka 200 iliyopita, Mkristo mmoja na Myahudi mmoja. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja kama leo. Palikuwa na falme na nchi ndogondogo nyingi, kila moja na mtawala wake. Berlin ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Prussia.

Wamezaliwa mwaka mmoja

Gotthold Ephraim Lessing alizaliwa Januari 1729 katika mji mdogo wa Kamenz. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, na alitaka mwanawe asomee dini. Kijana akapelekwa chuo kikuu cha Leipzig, lakini akili yake ikaenda kwenye tamthilia, yaani michezo ya kuigizwa jukwaani. Wazazi hawakufurahi hata kidogo.

Moses Mendelssohn alizaliwa Septemba mwaka huohuo katika mji wa Dessau. Baba yake alikuwa maskini aliyefanya kazi ya kunakili Torati kwa mkono, herufi kwa herufi. (Wanafunzi Waislamu mnalijua neno hili kwa sura ya Taurati. Na jina Moses ndilo Musa.) Tangu utotoni mgongo wake ulipinda akawa na kibiongo, na alipozungumza alipatwa na kigugumizi. Lakini alikuwa na njaa ya kusoma. Alipokuwa na miaka 14 mwalimu wake, rabi wa Dessau, alihamishiwa Berlin. Moses akamfuata kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 100.

Berlin haukumpokea kama ulivyowapokea watu wengine. Kwa sheria za mfalme Frederick wa Pili, Wayahudi waligawanywa katika madaraja. Wachache walikuwa na hati ya ulinzi. Wasio nayo waliweza kukaa mjini iwapo tu walikuwa watumishi wa aliye nayo. Mendelssohn alipata kazi kwa mwenye kiwanda cha hariri, kwanza akiwafundisha watoto wake, kisha akawa karani wa hesabu, baadaye msimamizi. Kama kazi ingekwisha, na ruhusa ya kuishi mjini ingekuwa mashakani. Wazazi wengi wanaosoma kijarida hiki hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya kibali cha kuishi kinachofungamana na mwajiri mmoja. Wenzetu wa Ghuba wangesema tu kwamba alikuwa chini ya kafili.

Kwa hiyo mnapomfikiria Mendelssohn msimwone kama mwanafalsafa aliyejifungia maktabani. Mchana aliandika bei za hariri. Alfajiri na usiku alisoma. Alijifunza Kilatini, Kifaransa, Kiingereza na hesabu kwa kujitafutia walimu na vitabu. Kijerumani sanifu nacho alijifunza, maana nyumbani alikulia katika lugha ya Kiyahudi, Kiyidi. Hilo nalo mnalijua: lugha moja ya nyumbani, nyingine ya mjini.

Mezani pa sataranji

Mwaka 1754 daktari mmoja Myahudi, Aaron Gumpertz, aliwakutanisha. Lessing alikuwa akitafuta mtu wa kucheza naye sataranji, mchezo ambao wengi leo huuita chesi, na Gumpertz akamletea Mendelssohn. Wote walikuwa na miaka 25 hivi. Kutoka kwenye mchezo wakaingia kwenye mazungumzo, na mazungumzo hayo hayakukatika kwa miaka 27.

Lakini kuna jambo lililotangulia. Miaka mitano kabla ya kukutana, Lessing alikuwa ameandika tamthilia fupi iitwayo Die Juden, yaani Wayahudi. Ndani yake msafiri mmoja anamwokoa tajiri aliyevamiwa na wanyang'anyi njiani. Kila mtu anaamini wanyang'anyi ni Wayahudi, maana walikuwa na ndevu za Kiyahudi. Mwisho inagunduliwa kwamba ndevu zilikuwa za bandia, na wanyang'anyi ni watumishi wa tajiri yuleyule. Tajiri, kwa shukrani, anataka kumwoza msafiri binti yake. Hapo msafiri anasema: siwezi, mimi ni Myahudi.

Tamthilia ilipochapishwa mwaka 1754, profesa mmoja mashuhuri wa Göttingen, Michaelis, aliikosoa. Hakusema imeandikwa vibaya. Alisema si rahisi kuamini kwamba Myahudi anaweza kuwa mtu mwema na muungwana kiasi hicho.

Fikirini Mendelssohn akiyasoma maneno hayo. Aliandika barua kwa Gumpertz, barua ya mtu aliyechomwa moyo: haitoshi kwamba tunaonewa kwa sheria, sasa hata wema tunanyimwa? Barua ikamfikia Lessing, naye hakutunga insha ya kusema Wayahudi ni watu wazuri na kwamba yeye anao rafiki mmoja. Aliichapisha barua yenyewe, pamoja na jibu lake, ili wasomaji wamsikie Myahudi akisema kwa kinywa chake. Mwaka uliofuata alifanya jambo kama hilo tena. Mendelssohn alimpa asome mazungumzo ya falsafa aliyoyaandika, na Lessing akayapeleka kiwandani yakapigwa chapa. Ndivyo Mendelssohn alivyoanza kuwa mwandishi. Mwaka huohuo wa 1755 wakaandika kitabu kidogo pamoja.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha urafiki huu, kuliko hata pale kwenye sataranji. Mtu mwenye nguvu zaidi kati yao, yule ambaye milango ya Berlin ilikuwa wazi kwake, alitumia nguvu zake kumfungulia mwenzake njia, kisha akakaa pembeni.

Na dini? Mendelssohn aliishika dini yake maisha yake yote. Alitunza Sabato, alikula vile tu vilivyo halali kwa sheria ya Kiyahudi, vinavyoitwa kosha. Lessing alibaki mtoto wa mchungaji, mwenye maswali mengi kuhusu kanisa lake lakini asiyelipa kisogo. Walibishana juu ya mambo mengi, kama vile namna msiba wa jukwaani unavyomgusa mtazamaji. Walikosoana kwa barua bila kuoneana haya. Lakini kumvuta mwenzake aje upande wake, hilo hawakulifanya.

Mtu wa tatu

Aliyelifanya ni mwingine. Mwaka 1763 kijana kutoka Zurich, Johann Caspar Lavater, alifika Berlin, akaenda kumtembelea Mendelssohn. Wakati huo Mendelssohn alikuwa na jina. Mwaka huohuo alishinda shindano la insha la Chuo cha Sayansi cha Berlin, na aliyemfuata alikuwa Immanuel Kant, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa maarufu kuliko wote wa Ujerumani. Lavater na wenzake wakamdadisi: unamwonaje Yesu? Mendelssohn alisita, akaomba maneno yake yasitoke nje ya chumba kile, kisha akasema kwa heshima juu ya tabia njema ya Yesu.

Mwaka 1769 Lavater, sasa mchungaji, alitafsiri kitabu cha kuutetea Ukristo. Kwenye tabaruku, yaani ukurasa wa mwanzo ambapo mwandishi hukitunukia kitabu chake mtu, akaandika jina la Mendelssohn. Akamtaka mbele ya watu wote akanushe hoja za kitabu kile, au kama hawezi, afanye ambavyo mtu mkweli angefanya. Maana yake: abatizwe. Na yale maneno ya chumbani akayatoa hadharani.

Lavater hakuwa adui. Alimpenda Mendelssohn kwa namna yake, na aliamini anamtakia mema. Hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kiwe kigumu, wanangu. Atakayekuvuta uiache dini yako huenda akawa mtu anayekupenda, na akafanya hivyo kwa tabasamu.

Mendelssohn alibanwa pande zote. Akinyamaza, watu watasema ameshindwa. Akiushambulia Ukristo katika nchi ya Wakristo, watakaoumia ni Wayahudi wote wa mjini. Alijibu kwa barua ndefu iliyochapishwa, kwa adabu na bila kutetemeka: nimeichunguza dini yangu kwa miaka mingi, ningekuwa na shaka nayo ningekwisha kuiacha, dini yangu hainiamuru kuwavuta watu wa dini nyingine, na ninao marafiki wasio wa imani yangu, tunapendana kwa dhati, wala sijawahi kuwaambia roho zao zimepotea. Haya ni maneno yangu ya kufupisha, si yake, lakini ndiyo aliyoyasema.

Lavater baadaye aliomba radhi. Hata hivyo mabishano yaliendelea kwa watu wengine, na mwaka 1771 Mendelssohn akaugua. Madaktari wakamkataza kusoma na kuandika kwa muda mrefu. Mwaka huo Chuo cha Sayansi kilimchagua awe mwanachama, na mfalme akakataa kuuthibitisha uchaguzi huo. Lessing alikuwa mbali, mkutubi wa maktaba kubwa ya Wolfenbüttel, lakini alikuwa upande wa rafiki yake na akamtia moyo aseme wazi.

Kuna barua moja ya Mendelssohn, ya mwaka 1780, ambayo wazazi mtaielewa upesi. Anasimulia kwamba jioni akitoka kutembea na mkewe na watoto, vijana wa mjini huwatukana na kuwarushia mawe. Mtoto anamuuliza baba: kwani tumewafanya nini? Na yeye, mtu ambaye wasomi wa Ulaya walimwandikia barua kumuuliza juu ya uhai wa roho baada ya kifo, hakuwa na jibu la kumpa mtoto.

Jibu la Lessing

Mwishoni mwa 1777 Mendelssohn alimtembelea Lessing Wolfenbüttel. Ilikuwa mara yao ya mwisho kuonana. Wakati wa Krismasi hiyohiyo mke wa Lessing alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku moja tu, na Januari mama naye akafariki. Mwaka huo wa 1778, baada ya Lessing kugombana kwa maandishi na wachungaji, mtawala wa nchi yake alimkataza kuchapisha chochote juu ya dini bila ruhusa.

Akarudi kwenye tamthilia. Mwaka 1779 akatoa Nathan der Weise, yaani Nathan Mwenye Hekima. Inatokea Yerusalemu, zama za Vita vya Msalaba, chini ya Sultani Salahuddin, ambaye wanafunzi wa madrasa mnamjua vizuri. Nathan ni mfanyabiashara Myahudi. Wakristo walimuulia mke na wana saba, kisha siku chache baadaye akaletewa mtoto mchanga wa Kikristo aliyefiwa, akamlea kama binti yake. Tangu zamani watu wamemwona Mendelssohn ndani ya Nathan.

Sultani anamuuliza Nathan: kati ya dini zetu tatu, ipi ni ya kweli? Ni mtego, kama ule wa Lavater. Nathan anajibu kwa hadithi, ambayo Lessing aliipata kwa Boccaccio, mwandishi Mwitaliano wa karne ya 14. Palikuwa na pete iliyomfanya mwenye kuivaa kwa imani apendwe na Mungu na watu. Ilirithiwa na mwana aliyependwa zaidi, kizazi hadi kizazi, mpaka ikamfikia baba mwenye wana watatu aliowapenda sawasawa. Akatengenezesha pete mbili nyingine, hata yeye mwenyewe asiweze kuzitofautisha, akampa kila mmoja yake. Alipokufa wakashtakiana. Kadhi akawaambia: kila mmoja aamini kwamba yake ndiyo ya asili, na aonyeshe nguvu ya pete yake kwa matendo mema.

Hapa wazazi nawaombeni subira. Si kazi ya shule yetu kuwafundisha watoto kwamba dini zote ni sawa, na wengi wenu, Waislamu kwa Wakristo, hamtakubaliana na hadithi ya pete. Sawa. Mendelssohn mwenyewe alikuwa Myahudi tangu ujana hadi kaburini, na alijua anachokiamini. Somo letu linahusu jambo dogo zaidi: namna ya kuketi na asiyeamini unachoamini.

Lessing hakuiona tamthilia hiyo jukwaani. Ilimletea maadui zaidi, na alikufa Februari 1781, akiwa na miaka 52. Ilionyeshwa Berlin mwaka 1783. Baadaye, Wanazi walipotawala, majumba ya maonyesho ya Wajerumani hayakuruhusiwa kuicheza. Oktoba 1933 waigizaji Wayahudi wa Berlin, waliofukuzwa kazini, waliichagua iwe tamthilia ya kwanza ya chama chao. Na Septemba 1945, vita vilipokwisha na mji ukiwa magofu, jumba la Deutsches Theater lilifunguliwa tena kwa tamthilia hiyohiyo.

Deni la Mendelssohn

Lessing alipokwisha kufa, mwandishi mmoja, Jacobi, alitangaza kwamba marehemu alimwambia kwa siri kuwa anaifuata falsafa ya Spinoza. Siku hizo kusema hivyo kulikuwa karibu sawa na kusema hamwamini Mungu. Sasa ikawa zamu ya Myahudi kumtetea Mkristo. Mendelssohn, mgonjwa na amechoka, aliandika kitabu, halafu kingine kifupi alichokiita kwa Marafiki wa Lessing. Inasimuliwa kwamba siku ya mwisho ya 1785 aliupeleka mswada mwenyewe kwa mchapishaji, katika baridi kali, bila koti zito. Alikufa tarehe 4 Januari 1786. Marafiki zake wengine walisema Jacobi ndiye aliyemuua. Hayo ni maneno ya watu wenye uchungu.

Nisifiche jambo moja. Kati ya watoto sita wa Mendelssohn waliofikia utu uzima, wanne waliingia Ukristo baada ya baba yao kufa. Mjukuu wake Felix, aliyetunga muziki unaopigwa maharusi wakitoka kanisani, hata Nairobi na Dar es Salaam, alibatizwa akiwa mtoto. Kuna mzazi atakayesema: ndiyo hayo tunayoyaogopa. Ni haki kuogopa. Lakini tazameni pia nchi waliyokulia: milango mingi ya kazi na heshima ilifunguka kwa aliyebatizwa tu. Urafiki wa Lessing haukumwomba Mendelssohn alipe chochote ili aingie. Nchi ndiyo iliyoomba. Zungumzeni na watoto wenu juu ya tofauti hiyo, kila nyumba kwa imani yake.

Maneno na sarufi

Kibiongo ni mgongo uliopinda. Kigugumizi ni kukwamakwama kwa maneno mdomoni. Mkutubi ni mtunza maktaba. Kunakili ni kuandika upya maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Kusilimu ni kuingia Uislamu. Kwa Ukristo tunasema kubatizwa, au kwa dini yoyote, kubadili dini. Na neno somo mnalijua kama kitu cha kusoma, lakini waulizeni bibi zenu wa pwani: somo ni pia rafiki wa siri, au mtu mliyepewa jina moja.

Sasa kitenzi. Tukiongeza -ana mwishoni, tendo linakuwa la pande mbili. Penda, pendana. Andika, andikia, andikiana. Tembelea, tembeleana. Kosoa, kosoana. Tetea, teteana. Angalieni kwamba mmoja akimpenda mwenzake naye asimpende, hatuwezi kusema wanapendana. Lavater alimwandikia Mendelssohn. Lessing na Mendelssohn waliandikiana.

Kazi ya nyumbani

Wadogo: chora ubao wa sataranji na watu wawili, kisha andika chini sentensi mbili zenye -ana.

Wakubwa: andika barua ya maneno 100 hivi. Wewe ni Mendelssohn, na yule mtoto amekuuliza kwa nini wanaturushia mawe. Mjibu.

Wazazi: mwambieni mtoto juu ya rafiki mmoja wa dini nyingine mliyekuwa naye nyumbani, kabla hamjasafiri. Mlikuwa mkila nini pamoja, na nini hamkukila? Sikukuu zao mlikwenda, nao walikuja zenu?

Mwenye ubao wa sataranji nyumbani aulete Jumamosi. Tunao mmoja tu, na kete mbili zimepotea.